Malezi na Masomo: Kusoma kwa Kushirikiana Darasani

Mzee mmoja miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu ametuletea swali ambalo, kwa tunavyodhani, limo katika vinywa vya wazazi wengi. Asema kwamba mwanawe wa darasa la sita harudi tena nyumbani na khabari za mwalimu amesema nini. Hurudi na khabari za kikundi chake kimesema nini. Madawati yamegeuzwa, watoto wanatazamana nyuso, na mwalimu anapita baina yao kama mtu anayekagua shamba lake. Auliza mzee wetu: je, mwalimu huyu amewekwa afundishe, au amewekwa awatazame watoto wakifundishana? Na mtoto aliye hodari, anafaidika nini kwa kukaa saa nzima akimweleza asiyejua?

Maswali haya ni ya haki, wala hayapasi kudharauliwa. Mzazi anayeuliza mwanawe anafundishwa vipi ni mzazi anayeijua dhamana yake. Mwenye khatari ni yule amtoaye mtoto asubuhi akampokea jioni, na kilichopita baina ya asubuhi na jioni hakimshughulishi. Basi tumeona vyema mwezi huu tuueleze mpango huu wa kusoma kwa kushirikiana: ni kitu gani, faida yake iko wapi, madhara yake yako wapi, na sisi wazazi tunapaswa na nini.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi hudhani kwamba kusomeshana ni uzushi uliokuja juzi kwa meli. Aliyepata kusoma chuoni katika mwambao wetu ajua ya kuwa mwalimu mmoja hakuweza kumsikiliza kila mtoto kwa urefu kila siku. Mtoto aliyekwisha kuivuka juzuu ya Amma aliwekwa na mdogo wake anayeanza herufi akamsomesha, kisha na yeye akaenda mbele ya mwalimu kwa zamu yake. Kadhalika katika darsa za misikitini: shekhe akishafunga kitabu, wanafunzi hukaa wao kwa wao wakayarudia waliyoyasikia, huyu akimsahihisha yule, mpaka kila mmoja ajue kwamba ameshika. Jambo hilo huitwa mudhakara, na wenye ilimu wamelipa daraja kubwa, kwa kuwa somo lisilorudiwa na wenzio halikawii kukimbia.

Hata shule za Ulaya zilijifunza jambo hili mashariki. Mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell, Mskochi aliyekuwa akisimamia shule ya mayatima katika mji wa Madras, Bara Hindi, aliwaona watoto wa wenyeji wakiandika herufi mchangani, akaichukua desturi hiyo akaitia katika shule yake, na watoto wakubwa akawaweka wawafundishe wadogo. Mwaka 1797 aliieleza kazi hiyo katika kitabu kilichochapwa London. Mwaka uliofuata, Joseph Lancaster akafungua shule mjini London ambayo mwalimu mmoja aliongoza mamia ya watoto kwa njia kama hiyo. Lakini tuseme kweli: katika mpango ule mtoto mkubwa alikuwa mfano wa nyapara; yeye aliamrisha na mdogo akaitikia. Ulifaa kwa kukariri, haukufaa sana kwa kufahamu. Ushirikiano tunaouzungumza leo ni mwingine. Ndani yake hamna nyapara. Kila mtoto ana kitu ambacho wenziwe wanakihitaji, na yeye anahitaji walicho nacho wao.

Mfano wa jambo hili ulio wazi kuliko yote watoka katika mji wa Austin, jimbo la Texas, Marekani. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kuamua mwaka 1954 ya kwamba kuwatenga watoto mashuleni kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Walakini miji mingi ilijikokota, na huko Austin ilikuwa mwaka 1971 ndipo watoto weupe, watoto weusi na watoto wenye asili ya Mexico walipotiwa pamoja kwa amri ya mahakama. Hawakuwa wamezoeana. Kila kundi lilikuja na chuki na khofu lililozirithi majumbani, na baada ya majuma machache ugomvi ukazuka mashuleni. Wakuu wa elimu wakamwita Elliot Aronson, mtaalamu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Texas, aje awatazamie.

Bwana huyo hakuanza kwa hotuba ya udugu na mapenzi. Alikwenda yeye na wanafunzi wake wakaketi nyuma ya madarasa wakatazama. Wakaona jambo ambalo hata sisi tuliosoma hapa twalijua sana. Mwalimu anauliza swali. Mikono sita au saba inapaa, na wenye mikono hiyo wanainuka nusu ya viti vyao ili waonekane. Wengine wote wameinamisha vichwa wakiomba wasiitwe. Aitwaye akikosea, wale walioinua mikono wanafurahi, maana nafasi yao imerudi. Hivyo kosa la mtoto mmoja likawa bahati ya mwenziwe. Tena waliokuwa wakishinda katika mashindano hayo walikuwa wale wale kila siku, na waliokuwa wakishindwa walikuwa wale wale. Kuwatia watoto wenye kuchukiana katika mashindano ya namna hiyo ni kutia mafuta penye moto.

Basi Aronson na wenziwe wakaligeuza somo. Watoto walipangwa sita sita, kila kikundi kimechanganywa rangi na uwezo. Ikiwa somo ni maisha ya mtu mashuhuri, khabari zake zilikatwa vipande sita: utoto wake, ujana wake, kazi yake, na kuendelea. Kila mtoto akapewa kipande kimoja tu, akisome na kukielewa. Kisha wale wote waliopewa kipande cha namna moja katika vikundi mbalimbali wakakutana, wakakizungumza na kukisahihisha, ili yule aliye mzito asiende kwa wenziwe mikono mitupu. Baadaye kila mmoja akarudi kikundini kwake akawafundisha wenziwe kipande chake, na wao wakamfundisha vyao. Mwisho ukaja mtihani juu ya khabari yote, na kila mtoto akaufanya peke yake.

Watu wakauita mpango huu kwa jina la ule mchezo wa kuunganisha vipande vya picha. Kwa kuwa kipande kimoja kikikosekana, picha haikamiliki, hata kama kipande chenyewe ni kidogo na kiko pembeni.

Aronson amesimulia khabari za mvulana mmoja mwenye asili ya Mexico, ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya pili. Mtoto huyu alikwisha kuzoea kunyamaza. Mwalimu wake, kwa kumhurumia, alikwisha kuacha kumwuliza, na hivyo wakawa wamefanya mapatano ya kimyakimya: usiniulize, nami sitakusumbua. Sasa kipande chake kikamtoa mafichoni. Akagugumia, akakwama, na wenziwe wakamcheka. Msaidizi aliyekuwa akiwatazama hakuwakaripia. Aliwaambia tu ya kwamba wanaweza kumcheka wakitaka, lakini kicheko hakitawapa khabari zilizo katika kipande chake, na mtihani u karibu. Baada ya siku chache watoto wakaacha kucheka, wakaanza kumwuliza maswali ya kumsaidia aseme. Alipopata kusema, wakagundua kwamba ana akili nyingi kuliko walivyodhani. Wakampenda, na yeye akaanza kuipenda shule.

Baada ya majuma manane hesabu zilipofanywa, watoto wa madarasa hayo walionekana wamepungukiwa na chuki, wameongezeka kuwapenda wenzao na kujiamini, na kuhudhuria kwao shule kumekuwa bora kuliko kwa wale waliofundishwa kwa njia ya zamani. Watoto weusi na wale wa asili ya Mexico walipanda katika mitihani, na watoto weupe hawakurudi nyuma hata kidogo. Kitabu cha khabari hizi kilitoka mwaka 1978, na tangu hapo njia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi.

Hapa msomaji atauliza: kama jambo lenyewe ni jema hivi, mbona mashuleni kwetu mara nyingi halionekani na matunda? Jawabu lake ni kwamba kuketi pamoja si kushirikiana. Abiria wa daladala moja wameketi pamoja, wala hapana mmoja anayemfaa mwenziwe. Mwalimu akiwaambia watoto sita wageuze madawati, akawapa swali moja na karatasi moja, kisha akaenda kusahihisha madaftari, atakachokipata ni mtoto mmoja anayeandika, mmoja anayetazama, na wanne wanaozungumza khabari za mpira. Lugha yetu ina neno la jambo hili, nalo ni kutegea.

Kutegea kumepimwa kwa mizani. Max Ringelmann, Mfaransa, mtaalamu wa mambo ya kilimo, aliwapa watu kamba waivute, akapima nguvu zao. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1913. Mtu mmoja akivuta peke yake, tuseme nguvu yake ni 100 katika 100. Walipovuta wawili, kila mmoja alitoa kadiri ya 93. Walipovuta watatu, 85. Walipofika wanane, kila mmoja alitoa 49 tu, yaani chini ya nusu ya uwezo wake. Sehemu ya upungufu huo ni kwa kuwa watu wengi hawavuti kwa mpigo mmoja. Lakini wataalamu waliokuja baadaye wakathibitisha kwamba sehemu nyingine ni ile ile ya kila mtu kuona kamba itakwenda tu, hata yeye akilegeza mkono. Ikiwa hivyo ndivyo walivyo watu wazima penye kamba, mtoto wa miaka kumi na miwili penye hesabu za sehemu atakuwaje?

Ndiyo maana wale waliolichunguza jambo hili kwa makini wameweka masharti. Robert Slavin, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, aliyeitumia sehemu kubwa ya umri wake kupima mipango ya kusoma kwa kushirikiana, alikuta kwamba mipango yenye kuleta faida ya kweli ina mambo mawili pamoja. La kwanza, kikundi kina lengo moja, kikifaulu kimefaulu chote. La pili, kufaulu kwa kikundi kunatokana na yale ambayo kila mmoja ameyajua yeye mwenyewe, si kutokana na karatasi moja iliyoandikwa na aliye hodari. Likikosekana la kwanza, watoto hawana sababu ya kusaidiana. Likikosekana la pili, wanapata mahali pa kutegea.

Katika mpango mmoja aliouanzisha Slavin, watoto wanne wenye uwezo mbalimbali husoma pamoja, kisha kila mmoja hufanya jaribio peke yake. Alama anazokipatia kikundi chake hazihesabiwi kwa kumlinganisha na mwenziwe, bali kwa kumlinganisha na yeye mwenyewe wa jana. Mtoto aliyezoea kupata 40 akipata 52 amekiletea kikundi alama nyingi. Na aliyezoea 80 naye hana ruhusa ya kulala, maana akishuka ameshusha. Tazameni uadilifu wa jambo hilo. Mtoto dhaifu hawi mzigo tena kikundini. Anakuwa ni mtu ambaye wenziwe wanatamani apande. Nao ndugu wawili, David na Roger Johnson, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakaongeza ya kwamba watoto hapana budi wafundishwe adabu zenyewe za kushirikiana: kumsikiliza mwenzio mpaka amalize, kupinga rai bila ya kumtukana mwenye rai, kugawana kazi, na mwisho wa somo wakae wajiulize, leo tumefanya nini vizuri, na kesho tutengeneze nini. Adabu hizi hazizaliwi na mtoto. Hufundishwa kama inavyofundishwa hesabu.

Sasa turudi kwa swali la mzee wetu juu ya mtoto hodari. Khofu yake ni kwamba mwanawe anapoteza wakati. Noreen Webb, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alivitazama vikundi vya watoto wakifanya hesabu, akaandika nani alimwambia nani nini. Akaona kwamba watoto waliokuwa wakiwaeleza wenzao kwa urefu, wakisema kwa nini jawabu liwe hivi, walikuwa miongoni mwa waliofaidika zaidi katika somo. Mtu hajui amekielewa kitu mpaka amweleze asiyekijua. Hapo ndipo anapogundua pale alipokuwa akipita upesi upesi kwa mazoea tu. Lakini Webb aliona na jambo la pili, nalo ni onyo kwa kila kikundi: mtoto aliyepewa jawabu tupu, bila ya maelezo, hakupata faida. Basi anayemwambia mwenziwe andika 24 hakumsaidia; amemnyima, ingawa sura yake ni ya ukarimu.

Na hilo ndilo jawabu kwa wanaosema kwamba kusoma pamoja kunawazoesha watoto kuangalizia. Kuangalizia ni kuchukua tunda la mwenzio bila ya kujua mti wake. Kushirikiana ni kuonyeshwa mti, ukapanda mwenyewe ukachuma. Alama ya kutofautisha ni moja: siku ya jaribio kila mtoto huketi peke yake na kalamu yake. Mpango wowote wa kikundi usioishia kwa kila mmoja kuulizwa peke yake, mzazi ana haki kuutilia shaka.

Ili jambo lisibaki hewani, tutoe mfano wa somo ambalo mwalimu yeyote wa pwani au bara aweza kulifanya kesho. Somo ni biashara ya kale ya mwambao wetu, na darasa limegawanywa vikundi vya watoto wanne wanne. Mtoto wa kwanza apewa khabari za pepo: kaskazi, uvumao tangu Novemba au Disemba hata Machi, uliokuwa ukileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi, uvumao tangu Aprili hata Septemba, uliokuwa ukivirudisha. Mtoto wa pili apewa khabari za vyombo, na khasa mtepe, chombo kilichokuwa kikishonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja. Wa tatu apewa khabari za bidhaa: pembe za ndovu, boriti za mikoko, na dhahabu iliyotoka Sofala, zikibadilishwa kwa nguo, shanga na vyombo vya udongo vilivyofika hata kutoka China. Wa nne apewa khabari za miji, na miongoni mwayo Kilwa, aliyoifikia msafiri Ibn Battuta mwaka 1331.

Kila mmoja akishasoma, mwalimu ayaulize maswali ambayo kipande kimoja hakiwezi kuyajibu. Kwa nini wageni wengi walikaa mijini miezi kadhaa, wakaoa na kujenga? Mwenye khabari za miji hajui, mpaka aelezwe na mwenye khabari za pepo kwamba nahodha hakuwa na njia ya kurudi kabla ya kusi kuvuma. Kwa nini dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa? Mwenye dhahabu hajui, mpaka apimiwe na mwenziwe urefu wa safari na muda wa kaskazi, aone kwamba chombo kilichotoka mbali kikishuka mpaka Sofala kitauchelewa upepo wa kurudia. Hapo watoto wanajenga ilimu kwa mikono yao, na kila mmoja anakuwa na kitu cha kutoa. Lau mwalimu angelisoma yote ubaoni kwa dakika 40, yangeandikwa yote katika daftari, na yasingeandikwa popote pengine.

Mwalimu wa kwetu atasema: hayo ni ya madarasa ya watoto 25, mimi ninao 90. Tunamjua hali yake. Tanzania Bara ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003, ambapo watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Ilikuwa neema kubwa kwa maskini, lakini vyumba na waalimu havikuongezeka kwa mwendo huo. Walakini darasa kubwa ndilo linalohitaji ushirikiano zaidi. Katika watoto 90, kila mmoja akipewa nafasi ya kusema kwa dakika moja, somo moja halitoshi, na wengi hawatafungua kinywa juma zima. Wakizungumza wawili wawili, watoto 45 wanasema kwa wakati mmoja. Hapana haja ya meza mpya: walioketi dawati la mbele wageuke wawatazame wa dawati la nyuma, na kikundi kimepatikana pasipo gharama. Kikiwa kitabu ni kimoja kwa watoto watatu au wanne, hicho hicho kitabu ndicho kitakachowakutanisha.

Na kwa mwalimu anayeogopa kelele, iko njia nyepesi ya kuanzia, aliyoieleza Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1981. Mwalimu auliza swali, kisha watoto wafikiri kimya kila mtu peke yake. Halafu kila mmoja amgeukie jirani yake wasemezane kwa dakika mbili. Mwisho wachache waliambie darasa zima. Faida yake kubwa imo katika ule ukimya wa kwanza. Mary Budd Rowe, aliyeyatazama madarasa mengi huko Marekani, alikuta mwaka 1974 ya kwamba mwalimu akishauliza swali kwa kawaida hungoja kadiri ya sekunde moja tu, kisha huuliza mwingine au hujijibu mwenyewe. Waalimu walipofunzwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majawabu yakawa marefu zaidi, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wazito wakaanza kusema. Walikuwa na cha kusema siku zote. Hawakuwa wakipewa nafasi ya kukipata.

Kwetu sisi, faida hii yaongezeka kwa sababu ya lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, aingiapo sekondari akakuta hesabu na sayansi kwa Kiingereza, huwa katika hali kama ya yule mvulana wa Austin. Analijua jambo, hana maneno yake. Akiulizwa mbele ya watoto 60 atanyamaza, na watu watasema hana akili. Katika kikundi cha wanne, wataizungumza maana kwa Kiswahili mpaka iwe wazi, kisha watasaidiana kuivisha Kiingereza. Kumkataza mtoto hata mazungumzo hayo, akapigwa au akavishwa kibao kwa kusema lugha ya mama yake, ni kumfungia mlango kisha kumlaumu kwa kubaki nje.

Hata hivyo, tusimtie mtu katika ghururi. Si kila kitu husomwa kwa kikundi. Jedwali la kuzidisha hushikwa na kichwa cha mtu mmoja. Mwandiko mzuri hupatikana kwa mkono wa mtu mmoja. Na mtoto asiyejua bado kuunga herufi anahitaji mwalimu amsikilize yeye. Jambo jipya kabisa lenye kutatanisha, kwanza lielezwe na anayelijua, kisha watoto walizungumze. Mwalimu mwenye kutumia vikundi ili apumzike ameikimbia kazi. Na mwalimu anayevitumia ipasavyo hupata kazi zaidi, maana hapana budi agawanye somo mapema, apange watoto kwa busara, apite asikilize, na ajue ni wapi kosa linaenea kabla halijawa mazoea.

Wako pia wazazi wanaoona haya kwamba binti zao wamewekwa kikundi kimoja na wavulana. Hilo lizungumzwe na mwalimu kwa upole, wala lisifanywe sababu ya kuupinga mpango mzima. Nguvu ya mpango huu imo katika kuchanganya wepesi na wazito, na katika kila mmoja kuwa na sehemu yake. Wasichana wakikaa peke yao na wavulana peke yao, hapana kinachoharibika. Kinachoharibika ni pale msichana anapotiwa kikundini awe wa kufuta ubao na kuandika maneno ya wengine kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Yeye naye apewe kipande chake, naye asikilizwe.

Na nyumbani je? Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusaidiane katika mambo ya kheri, na hapana kheri iliyo karibu kuliko ilimu ya watoto wetu. Mtoto arudipo shuleni, tusimwulize tu amekuwa wa ngapi. Tumwulize: leo umemweleza nani jambo gani? Na nani amekueleza wewe? Mkubwa amsomee mdogo wake, wala asimfanyie kazi yake. Watoto wa jirani wakija jioni kusoma barazani na mwenetu, tuwatandikie mkeka na tuwawashie taa, tusiwafukuze kwa kuwa wanamkawiza. Kisha kabla ya kutawanyika, kila mmoja afunge daftari aeleze kwa kinywa chake aliyoyapata. Atakayeshindwa asichekwe.

Jambo lililo kubwa zaidi ni maneno tunayoyasema mbele ya watoto. Mzazi amwambiaye mwanawe, usimwonyeshe mwenzio, atakupita, amemfundisha somo ambalo hapana shule itakayoweza kulifuta. Mtoto huyo atakapokuwa mkubwa atakuwa tabibu asiyewafundisha wanagenzi wake, fundi afichaye ufundi wake mpaka akazikwa nao, na karani aonaye raha faili la mwenziwe likipotea. Kisha sisi wenyewe tutalalamika barazani kwamba watu wa siku hizi hawana umoja. Watautoa wapi, na tangu darasa la kwanza tuliwafundisha kwamba kosa la ndugu yao ni bahati yao?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape waalimu wetu subira, awazidishie watoto wetu ilimu yenye manufaa, na azifanye nyoyo zao ziwe pamoja. Amin.